INJINI IMECHOKA: TUIFUFUE AU TUIBADILISHE?

Mwaka jana katika gazeti hili mwenzetu alitueleza jinsi ya kufuga nyuki. Mwaka huu nimeomba nafasi nieleze jambo ambalo wengi hudhani halimhusu msichana wa Kidato cha Tatu: jinsi injini ya gari kuukuu la mbio inavyofufuliwa, na lini ni afadhali kuiondoa na kutia nyingine. Tafadhali usiruke ukurasa. Hata kama kwenu hakuna gari, iko pikipiki, ama jenereta, ama mashine ya kusaga mahindi pale sokoni. Zote zaugua ugonjwa mmoja na dawa yao ni moja.

GARI LENYEWE

Babu yangu ana Datsun 1600 SSS. Alilinunua mkononi mwa mtu mwaka wa 1978, wakati akiwa dereva wa lori. Herufi hizo tatu za S si urembo tu. Zilimaanisha kwamba hili ni gari la familia lenye milango minne lililopewa nguvu za gari la mbio: kabureta mbili badala ya moja, na kemu kali zaidi. Mwaka wa 1970 gari la aina hii lilishinda mashindano ya Safari likiendeshwa na Edgar Herrmann, Mjerumani aliyekuwa akiishi hapa Kenya, pamoja na msomaji ramani wake Hans Schüller. Mwaka wa 1971 wawili hao wakashinda tena, safari hii kwa Datsun 240Z. Mwaka wa 1973 Shekhar Mehta naye akashinda kwa 240Z. Huyo Mehta ndiye aliyekuja kushinda mara nne mfululizo, kuanzia 1979 hadi 1982.

Kwa wasiojua, Safari ilianza mwaka wa 1953 ili kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza. Barabara zilikuwa za udongo, mawe na matope, na gari lililofika mwisho lilisifiwa hata kama halikushinda. Babu husema kuwa siku hizo watoto wa Ukambani walipanda juu ya miti kabla ya alfajiri wangojee vumbi litokee. Ndiyo sababu alipopata pesa hakununua pikapu kama wenzake. Alinunua SSS.

Lakini wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kisafisha hewa cha gari kilipasuka, na babu hakukibadilisha kwa muda mrefu. Vumbi letu la Makueni, mnalijua, likaingia ndani ya injini, likachanganyika na oili, likawa kama msasa. Gari likaanza kunywa oili kama ng'ombe wa kiangazi. Mwishowe likaegeshwa nyuma ya jikoni, kuku wakataga humo ndani miaka zaidi ya kumi.

Desemba iliyopita mnunuzi wa vyuma vikuukuu alipita hapa Mukuyuni akampa babu bei ya Sh 25,000. Baba mdogo akasema, "Mzee, uza. Hii gari imechoka, hata kuku wameichoka." Babu hakujibu. Jioni akaniambia, "Mjukuu wangu, kesho niitie Fundi."

INJINI HUFANYA NINI?

Kabla hatujafika kwa Fundi, hebu tuelewe kwanza injini yenyewe. Bila shaka umewahi kutia baiskeli upepo. Ndani ya pampu mna kipande cha ngozi kinachobana ukuta wa bomba ili hewa isirudi nyuma. Ngozi ikikauka, unasukuma weee, na tairi hailijazi hata robo. Injini nayo ni hivyo hivyo. Silinda ni lile bomba, pistoni ndiyo inayopanda na kushuka, na ringi za chuma zinazoizunguka pistoni ndizo ile ngozi.

Kila silinda hufanya kazi nne kwa zamu. Kwanza pistoni hushuka ikinyonya hewa na petroli. Pili hupanda ikivibana. Tatu plagi hutoa cheche, mchanganyiko unawaka, na pistoni inasukumwa chini kwa nguvu. Nne hupanda tena ikiufukuza moshi. Kazi ya tatu pekee ndiyo inayoleta nguvu; hizo nyingine tatu ni gharama. Konrodi huunganisha pistoni na krenki, na krenki ndiyo inayogeuza mwendo wa juu na chini kuwa mwendo wa kuzunguka, kama vile kanyagio la baiskeli linavyogeuza mguu wako. Huko juu, katika hedi, kemu huzunguka na kuzisukuma roka, nazo roka hufungua vali za kuingiza hewa na kutoa moshi.

Injini ya SSS yaitwa L16. Ina silinda nne. Kila silinda ina upana wa milimita 83, na pistoni husafiri milimita 73.7. Chukua kalamu ufanye hesabu ya Kidato cha Pili: eneo la duara mara urefu, mara nne. Utapata sentimita mchemraba 1595. Ndiyo maana likaitwa 1600. Na hapa kuna jambo lililonifurahisha sana. Ile injini ya 240Z, yaani L24, ina upana uleule na mwendo uleule wa pistoni, ila silinda zake ni sita. Zidisha kwa sita utapata 2393. Kwa hiyo gari lililoshinda mwaka wa 1971 na 1973 na gari lililolaliwa na kuku nyuma ya jikoni yetu ni ndugu wa tumbo moja!

KUPIMA UGONJWA

Fundi alikuja na mfuko wa spana na chupa ya dizeli. Kosa la watu wengi, alisema, ni kutia betri na kuilazimisha injini iliyolala miaka mingi. Ringi hushikana na ukuta wa silinda kwa kutu. Ukilazimisha, ringi zavunjika. Kwa hiyo aling'oa plagi zote nne, akamimina dizeli na oili kidogo katika kila tundu, akasema tumwone baada ya siku tatu. Siku ya nne tuliizungusha krenki kwa mkono na spana ndefu. Mara ya kwanza ilikataa. Mara ya pili ikalia kwii, ikageuka.

Baada ya hapo akatumia kipima mgandamizo. Hiki ni kisaa kinachofungwa mahali pa plagi, injini ikizungushwa na betri, nacho huonyesha silinda inabana kwa nguvu kiasi gani. Silinda ya kwanza ilionyesha paundi 150, ya pili 145, ya nne 148. Ya tatu ilionyesha 90 tu. Fundi akamwagia hiyo ya tatu kijiko cha oili, akapima tena. Ikapanda hadi 130.

"Umeona?" akaniuliza.

Nikasema nimeona lakini sijaelewa.

Akanieleza hivi. Oili huziba pengo kati ya ringi na ukuta kwa muda mfupi. Mgandamizo ukipanda baada ya kutia oili, ugonjwa uko kwenye ringi au ukuta wa silinda. Usipopanda, ugonjwa uko juu, kwenye vali au gasketi ya hedi. Mimi nilishangaa jinsi kijiko kimoja cha oili kinavyoweza kujibu swali ambalo wengine hulijibu kwa kufungua injini nzima.

Ziko dalili nyingine ambazo hata wewe waweza kuzitambua kwa macho. Moshi wa buluu maana yake injini inachoma oili. Moshi mweusi maana yake petroli ni nyingi kuliko hewa. Moshi mweupe mzito usiokoma hata injini ikipata moto maana yake maji yanaingia mahali yasipotakiwa. Na ukiona oili imekuwa kama chai ya maziwa, zima gari papo hapo, maana maji na oili zimekutana.

Tuliliwasha kwa muda mfupi. Moshi wa buluu ukafunika jikoni, nyanya, ambaye sisi humwita susu, akatoka akikohoa na mwiko mkononi. Lakini jambo baya zaidi lilikuwa mlio: ko, ko, ko, kutoka chini. Fundi akazima haraka. Mlio huo ni wa beringi ya konrodi iliyolika. Ukiendelea kuendesha, konrodi yaweza kukatika na kutoboa bloku, na hapo hakuna tena cha kufufua.

NJIA TATU

Jioni hiyo tuliketi chini ya mwembe. Fundi akatuwekea njia tatu mezani, nami ninaziandika hapa kwa sababu ndizo njia zilizo mbele ya kila mtu mwenye gari la zamani.

Njia ya kwanza ni kuifufua injini ileile. Inafunguliwa yote, silinda zinapanuliwa kwa mashine, pistoni kubwa kidogo zinatiwa, krenki inasagwa, na beringi mpya zinafungwa. Uzuri wake ni kwamba kila kitu kinarudi mahali pake: vishikio, giaboksi, klachi, nyaya, radieta. Nambari ya injini haibadiliki. Ubaya wake ni kwamba kazi ni nyingi, na vipuri vya gari la miaka zaidi ya hamsini havipatikani katika kila duka.

Njia ya pili ni kutia injini ya ndugu yake. Ukoo wa L ulikuwa mkubwa. Iko L18 yenye sentimita mchemraba 1770, na iko L20B yenye 1952, nazo zilitumika katika magari mengine ya Datsun. L18 ina kimo sawa na L16, kwa hiyo huingia bila taabu. L20B bloku yake ni ndefu zaidi kwa karibu sentimita 2, kwa hiyo lazima upime kama boneti itafunga. Hapa unapata nguvu zaidi kwa kazi kidogo. Lakini injini hiyo nayo ni kuukuu, na hujui mwenyewe aliitunza vipi. Waweza kumfukuza mgonjwa ukamkaribisha mgonjwa mwingine.

Njia ya tatu ni kutia injini ya ukoo mwingine kabisa, kama zile za Toyota zinazoletwa zikiwa zimetumika Japani na kuuzwa Nairobi kwenye Barabara ya Kirinyaga, ambayo wazee bado huiita Grogan. Injini hizo ni nyingi na vipuri vyake viko kila mahali. Lakini vishikio lazima vichomelewe upya, giaboksi haiingiliani, propela inakuwa fupi au ndefu, nyaya zinabadilishwa, na uzito wa mbele waweza kubadilika hata gari lisishike kona kama zamani. Tena usiongeze nguvu ya kwenda ukasahau nguvu ya kusimama: breki zilitengenezwa kwa injini ya zamani.

Kwa njia ya pili na ya tatu kuna jambo la sheria. Nambari ya injini imeandikwa katika kumbukumbu za gari. Ukibadilisha injini ni lazima uwajulishe NTSA, gari likaguliwe, na nambari mpya iandikwe. Wengi hupuuza, halafu siku ya kuuza gari wanaonekana kama wezi.

Baba mdogo alitaka ya tatu. "Toyota haina maneno," alisema. Babu akasema, "Nikitaka Toyota nitanunua Toyota." Akauza fahali mmoja, nasi tukachagua ya kwanza.

KUFUNGUA

Injini huzidi kilo 100. Tulisimamisha mihimili mitatu ya chuma, tukafunga mnyororo wa kuinulia katikati. Mimi nilikuwa nimependekeza tawi la mwembe. Fundi akacheka akasema tawi halikutoa ahadi.

Hedi huondolewa kwanza. Katika injini za ukoo wa L kuna mtego hapa. Kemu huzungushwa na cheni, na cheni hukazwa na kidude chenye springi kilicho ndani. Ukiondoa hedi bila kuizuia cheni, kidude kile huruka nje, na kukirudisha ni mpaka ufungue mbele yote ya injini. Fundi alichonga kabari ya mti, akaishindilia katikati ya cheni. Kipande cha kuni kisicho na bei kikaokoa kazi ya siku nzima.

Tulipoiinua hedi tukaona wazi: ukuta wa silinda ya tatu ulikuwa na mikwaruzo kama ubao uliopitiwa na misumari. Kwa kifaa cha kupimia, upana wake ulikuwa milimita 83.25 badala ya 83. Msomaji, robo ya milimita ni kitu kidogo hata hukioni. Lakini katika injini ni shimo la kupitisha mwizi. Hapo injini yote ikatolewa, bloku na krenki zikapelekwa kwenye karakana ya mashine Nairobi. Silinda zote nne zikapanuliwa hadi 83.5, maana haifai kupanua moja na kuziacha tatu. Ukirudia ile hesabu utapata kuwa injini sasa si 1595 tena bali 1614. Krenki ikasagwa ikapungua milimita 0.25, ikanunuliwa beringi nene kwa kiasi hichohicho.

KOSA LANGU

Sasa nafika mahali ambapo kalamu yangu ni nzito.

Fundi alinipa kazi ya kuivua hedi na kuosha vipande vyake. Roka ziko nane, na juu ya kila vali kuna kisahani kidogo cha chuma, navyo vinane. Alinipa trei ya mayai iliyoandikwa namba na kuniambia, "Kila roka ina nyumba yake. Usizichanganye." Sababu ni hii: roka na kemu zimesuguana miaka mingi, kila roka imelika kwa umbo la mwenzake. Ukiipeleka roka kwa jirani, nyuso zao hazilingani. Zitasagana, na kemu itaharibika baada ya mwendo mfupi.

Nilielewa. Lakini siku hiyo jua lilikuwa kali, na wasichana wenzangu walikuwa wakipita kwenda sokoni wakinicheka kwa mikono yangu myeusi. Nikataka kumaliza upesi. Nikazimwaga zote pamoja ndani ya beseni la mafuta ya taa. Zilipong'aa nikazitazama, nikaona zote nane zinafanana kama mapacha.

Nikazirudisha kwenye trei, moja moja, kwa kubahatisha. Trei ilipendeza. Hakuna ambaye angejua. Usiku nikakosa usingizi. Baba mdogo alikuwa amesema tangu mwanzo kwamba hii ni kutupa fahali mtoni. Nikisema, nitampa ushindi. Nisiposema, injini itaharibika mwezi mmoja baadaye na Fundi ndiye atakayelaumiwa.

Asubuhi nilimwambia Fundi mbele ya babu. Fundi alinyamaza kitambo. Akazichukua roka moja moja, akaziangalia kwenye mwanga. Mbili alizitambua kwa alama. Sita hakuweza. Akasema, "Afadhali umesema wewe kuliko injini ingesema."

Babu aliuliza tu, "Dawa ni gani?"

Dawa ilikuwa kutafuta hedi nyingine ya ukoo wa L, yenye kemu na roka zake zikiwa bado katika mpango wake. Ilipatikana katika pikapu ya Datsun iliyokwisha kuanguka. Hedi za injini hizi huingiliana. Lakini kemu ya pikapu si kemu ya SSS. Ile ya SSS hufungua vali zaidi ili injini ipumue vizuri ikienda mbio. Ya pikapu imetengenezwa kwa kubeba magunia. Kwa hiyo lile gari la mbio likapoteza sehemu ya mbio zake kwa sababu yangu.

Pesa za hedi zilitoka wapi? Zilikuwa za safari ya Chama cha Kiswahili kwenda Mombasa. Ukiangalia ile picha ya wanachama wakiwa Fort Jesus katika gazeti hili, hunioni. Si kwamba nilikuwa mgonjwa, kama nilivyowaambia baadhi yenu. Sasa mmejua.

KUFUNGA

Kufunga injini kunahitaji usafi kuliko hospitali. Punje moja ya mchanga kwenye beringi yatosha kuharibu kazi yote. Tulimwaga maji uani kuzuia vumbi, na kuku wakafungiwa.

Kila beringi hupakwa oili kabla ya kufungwa, na nafasi kati yake na krenki huwa ndogo kuliko unene wa unywele. Ringi za pistoni zina pengo dogo mahali zinapokutana. Mapengo hayo hayapangwi mstari mmoja, la sivyo moshi hupata njia ya mkato. Kofia ya kila konrodi hurudi kwa konrodi yake. Hapo Fundi alinitazama, nami nikatazama chini.

Boliti za hedi hukazwa kuanzia katikati kuelekea pembeni, kwa awamu, na kwa spana inayopima nguvu. Ukianza pembeni hedi hupinda na gasketi huvuja. Alama za cheni lazima zilingane, ili vali zifunguke wakati wake. Nafasi ya vali hupimwa kwa vibamba vyembamba: injini ikiwa moto, milimita 0.25 kwa vali za kuingiza na 0.30 kwa za kutoa moshi. Za kutoa moshi hupewa zaidi kwa sababu hupata joto zaidi na kurefuka zaidi. Somo la fizikia hilo, kupanuka kwa vyuma, na sikuwahi kulielewa darasani kama nilivyolielewa pale. Waya za plagi nazo hufuata mpango wa 1, 3, 4, 2. Ukizikosea, gari hukohoa na kurusha moto kwenye kabureta.

Kabla ya kuwasha, tuling'oa plagi tukaizungusha injini kwa betri mpaka kipimo cha oili kikapanda. Maana injini iliyofungwa upya ikiwashwa bila oili kufika juu, hujila yenyewe katika dakika ya kwanza. Ndipo plagi zikarudishwa. Babu akaketi mahali pa dereva. Alipogeuza ufunguo, ilizunguka mara tatu, ikakataa. Fundi akasogeza distributa kidogo. Mara ya pili ikanguruma.

Hapakuwa na ko, ko, ko. Moshi wa buluu ulitoka kidogo kwa oili tuliyopaka, kisha ukaisha. Susu alipiga kigelegele. Baba mdogo alizunguka gari mara mbili, akainama kusikiliza, akasema, "Haya, nipelekeni Wote nikanunue dawa ya maembe." Kwake hiyo ilikuwa ni kuomba msamaha.

Nilimwambia babu kwamba gari sasa lina kemu ya pikapu na halitakimbia kama mwaka wa 1978. Akaniambia, "Hata mimi sikimbii kama mwaka wa 1978. Fungua lango."

MANENO YA MWISHO

Injini iliyofufuliwa ni kama mtoto mchanga. Kwa kilomita 1000 za mwanzo haikimbizwi wala haibebeshwi mzigo mzito, ili ringi na kuta zizoeane. Oili ya kwanza humwagwa mapema, kwa maana hubeba unga wa chuma. Sisi tumefika kilomita 640. Kila Jumamosi napima oili kwa kijiti na kuandika katika daftari. Kisafisha hewa kipya nilikifunga mwenyewe.

Kumbe magari ya namna hii bado yana heshima. Tangu mwaka wa 2003 kuna mashindano ya Safari ya magari ya zamani hapa Afrika Mashariki, ambako 240Z, Ford Escort na Porsche 911 zilizofufuliwa hukimbia tena kwenye vumbi. Na Safari kuu yenyewe ilirudi katika mashindano ya dunia mwaka wa 2021, kule Naivasha. Kwa hiyo asikudanganye mtu kuwa kitu kikizeeka dawa yake ni mizani ya vyuma vikuukuu tu.

Lakini sisemi kila injini ifufuliwe. Kama bloku imetoboka, ama vipuri havipatikani kabisa, ama gari ni la kazi na lazima litoke kesho alfajiri, badilisha. Kama bloku ni nzima, una subira, na unalipenda gari lenyewe, fufua. Lolote utakalochagua, pima kwanza ndipo ufungue. Na ukipewa trei ya mayai yenye namba, itumie.

Kalamu naiweka chini. Wanachama wenzangu, mwaka ujao nikijaaliwa nami nitakuwemo katika picha.